Wa Nne katika Darasa la Tano

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Rwimbogo nikiwa nimeshika viatu mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, njia yote ni tope, nami nilikuwa nimeazimia kunawa miguu mahali kabla sijaonekana na mtu. Sikupata mahali. Nilipokata kona ya shule, watoto wote walikuwa wameshapangwa mistari mbele ya bendera, na Direkta, mkuu wa shule, amesimama mbele yao akitazama saa. Hivyo ndivyo walivyompokea mwalimu wao mpya: mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, mtoto wa fundi cherehani wa Kamembe, peku, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Monsieur Hamisi," Direkta aliniambia, "vaa viatu, halafu uhesabu batoto yako."

Nikahesabu. Walikuwa sabini na mmoja. Jioni, kabla sijawaruhusu, akanijia tena. "Hesabu." Nikamjibu kwamba nimeshahesabu asubuhi.

"Mwalimu anahesabu mara mbili," akasema. "Asubui unajua nani alikuja. Mangaribi unajua kama hakuna mwenye ulipoteza."

Ninyi walimu vijana mnaokuja kunisalimia hapa Kamembe, mnaniuliza kazi ilikuwaje zamani, na nawaona mmeshaandaa meno ya kucheka. Ni kweli yapo ya kuchekesha. Lakini mimi nikikumbuka miaka yangu ishirini na saba, akili hainipeleki kwenye ya kuchekesha. Inanipeleka kwenye wiki moja ya Nkanka, kila mara, hata nikiwa nimekaa msikitini. Basi nitawaeleza kazi, na hiyo wiki mtaikuta humo humo.

Kazi ilianzia kwenye daftari la maandalio. Kila somo la kesho uliliandika kwa mkono tangu jana: lengo, vifaa, hatua, maswali. Inspekta akija, kabla hajakusalimia ameshalifungua. Bila hilo daftari huingii darasani, hata kama somo unalijua kuliko jina la baba yako. Chaki ulipewa mbili kwa siku, na kipande kilichobaki ulirudi nacho mfukoni. Nilianza kwa Kifaransa. Baadaye tukaambiwa sasa ni Kiingereza, tukajifunza wakati wa likizo, na shule zilipofunguliwa tukaingia darasani. Nilifundisha sayansi kwa lugha niliyokuwa nayo kwa majuma sita, na watoto, Mungu awabariki, walijifanya wanaelewa.

Mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa masomo matano, kwa hiyo kila mtoto alikuwa na kopi tano, yaani karatasi tano za majibu. Kopi zikiwa zimeachana hupotea: moja huingia kwa jirani, nyingine huchukuliwa na upepo. Mimi niliyekaa miaka kumi na mitatu kwenye cherehani ya baba yangu sikuweza kuvumilia jambo hilo. Nilichukua sindano na uzi, nikazishona kopi tano za kila mtoto pembeni, mshono mmoja wenye fundo, zikawa kifungu kimoja. Wenzangu walinicheka. "Hamisi anashonea kila mutoto shati," walisema. Lakini hakuna kopi ya mtoto wangu iliyopotea peke yake, na nilijivuna kwa hilo kuliko inavyompasa mtu kujivunia uzi.

Baada ya kusahihisha, nilijumlisha alama, nikaweka vifungu mezani kimoja juu ya kingine, mwenye nyingi juu, mwenye chache chini. Kutoka kwenye rundo hilo niliandika palmaresi. Hiyo ndiyo karatasi ya nafasi za darasa, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na siku ya kufunga shule Direkta huisoma uwanjani mbele ya wazazi. Watoto husimama kwa mistari ya madarasa. Anayeitwa hutoka mstarini, humpa Direkta mkono, watu humpigia makofi, kisha huenda upande wa wazazi wake. Mbali na palmaresi kuna buletini, kile kikaratasi kigumu cha alama ambacho kila mtoto hupeleka nyumbani. Lakini wazazi wetu wengi hawakuamini buletini. Waliamini kile walichosikia kwa masikio yao.

Rwimbogo walisoma hadi wa mwisho. Mwaka wangu wa kwanza nilimwona mtoto wangu mmoja akibaki peke yake kwenye mstari, uwanja mzima ukimtazama, hadi Direkta akatamka, "Wa sabini na mmoja." Watu walicheka. Mama yake mwenyewe alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa kitenge. Yule mtoto alitembea kwenda kutoa mkono kama mtu anayekwenda kuchapwa. Niliona uchungu, na nikaapa kwamba nikipata shule yenye Direkta wa kusikiliza, nitalikomesha jambo hili.

Direkta huyo nilimpata katika shule ya Nkanka, nilipohamishiwa kando ya ziwa. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakupenda mageuzi. Nilimsumbua miaka miwili. Nilimwambia tusome waliopita tu, tuishie hapo. Walioanguka waandikwe kwenye karatasi nyingine isiyosomwa, waende kwao bila aibu. Hatimaye akakubali.

"Basi, tujaribu huruma yako," akaniambia. "Lakini mujue, sasa mwenye hakuitwa, kila muntu atasema ameanguka."

"Ndiyo, Direkta," nikasema. "Ila hakuna atakayecheka."

Na kweli hawakucheka tena. Waliobaki mstarini waliondoka kimya, na mimi nilihesabu ule ukimya kuwa ni ushindi wangu.

Sasa nifike kwenye hiyo wiki. Ilikuwa ya mwisho wa mwaka, nami nilikuwa na darasa la tano, watoto sitini na wawili. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, alinijia Maman Donata. Mwanamke huyu alikuwa mjane, alikuwa akivuka mpaka kila siku na kapu la avokado kwenda kuuza Bukavu, nchi ya jirani. Donata alikuwa binti yake wa miaka kumi na miwili, mtoto wa benchi la tatu karibu na dirisha, asiyenyoosha mkono. Miaka yote alikuwa wa thelathini na kitu. Mwaka ule kuna mlango ulikuwa umefunguka ndani yake. Nilikuwa nimeuona ukifunguka, na kwa mwalimu hakuna furaha nyingine inayofanana na hiyo.

"Jambo, Mwalimu. Mi sina maneno mingi," mama akasema. "Huyu mutoto nimemuvumilia. Kama anapita, ataendelea, hata nikilala njaa. Kama anaanguka, Ijumaa ile ile ninamuvusha, aende kwa dada yangu kulea batoto. Dada alishaniomba tangu mwaka jana."

"Atapita, Maman."

"Usiniambie hapa. Muniambie mbele ya bantu, siku ya palmares. Mi nitakuwa pale."

Siku ile tulifanya marudio ya hesabu hadi saa nane, na wengine walipokwenda kufanya mazoezi ya ngoma ya kufunga mwaka, Donata alibaki. Alikuwa akisumbuliwa na hesabu za sehemu. Nikachukua chungwa langu la mchana, nikalikata, tukafanya robo na thumuni hadi likaisha, tukalila. Akaniuliza, "Mwalimu, mwenye kupata hamusini, anapita?" Nikamwambia asitafute hamsini, hamsini ni ya wavivu. Alicheka akiwa ameinamisha kichwa.

Jumanne na Jumatano zilikuwa za mitihani. Alhamisi walimu walikaa kusahihisha na watoto wakawa na siku yao: wasichana wanasugua madawati kwa mchanga wa ziwani, wavulana wanachota maji, kikundi cha ngoma kinakanyaga vumbi nyuma ya jiko, na saa tano mpira, darasa la sita dhidi ya walimu. Nilikuwa mlinda lango wa walimu. Nawaambia haya ili mjue kwamba siku ile sikuwa na huzuni yoyote.

Kifungu cha Donata nilikifikia mapema. Hesabu zake za sehemu zote sahihi. Katika maarifa ya jamii waliulizwa wachore ramani ya wilaya. Wengine walichora kitu kama kiazi. Donata alichora ziwa Kivu na kila ghuba yake, mpaka, barabara ya Kamembe, na kwenye ufuko wa kwao akaweka nyumba ndogo yenye mlango. Nilijumlisha: asilimia themanini na moja. Nilipomaliza wote nikapanga: wa nne. Nilinyanyuka kwenye kiti nikiwa peke yangu.

Darasa la nne Donata alikuwa amefundishwa na Mwalimu Beata, mama mwema, ambaye mwaka mzima alikuwa akinitania kwamba nahangaika na jiwe. Nikatamani Beata aione ile ramani kabla ya mtu mwingine yeyote. Na kwa kuwa kopi zangu zimeshonwa, sikuweza kutoa ramani peke yake. Nikachukua kifungu chote, nikatoka kumtafuta. Beata alikuwa na wacheza ngoma. Nikakiweka ndani ya daftari langu la maandalio, nimwonyeshe akirudi. Kisha nikaitwa golini.

Tulifungwa mabao manne. Niliporudi mawingu yalikuwa yamefunga juu ya ziwa, na Direkta anataka palmaresi zote kabla ya saa tisa, maana kesho yake atakuja mgeni kutoka ofisi ya sekta. Nikakaa, nikaandika kutoka kwenye rundo. Waliopita nikawaweka kwenye karatasi yao, arobaini na wanane. Walioanguka kwenye yao, kumi na watatu. Jumlisheni wenyewe. Mimi sikujumlisha. Zamani, tulipokuwa tukiandika wote kwenye karatasi moja, mstari wa mwisho ungesema sitini na moja, na ningeruka kitini. Zile karatasi mbili nilizitunga mimi, kwa huruma yangu, na zilinitokea puani.

Ijumaa uwanja ulijaa. Mimi nilikuwa nimechelewa na buletini kwa sababu ya mpira, kwa hiyo wakati darasa langu linasomwa nilikuwa ndani, naandika. Nilikuwa nasikia makofi tu. Niliyasikia kama mtu anayesikia sifa zake. Nikamaliza wa arobaini na wanane, nikamaliza wale kumi na watatu, nikaona mezani imebaki buletini moja. Juu yake nilikuwa nimeandika jina tangu wiki iliyotangulia: Donata.

Sikuelewa mara moja. Nilitazama sakafuni, chini ya meza, ndani ya mfuko. Kisha nikafungua daftari la maandalio, na ramani ikanitazama.

Nilitoka mbio. Mstari wa darasa la tano ulikuwa umeshavunjika, walikuwa wanasoma darasa la sita. Watoto wangu walioanguka walikuwa wamesimama karibu na choo, kumi na watatu. Donata hakuwepo. Mmoja wao akaniambia, "Mama yake alimushika mukono, bakaenda."

Nikapita nyuma ya mgeni wa sekta, nikamnong'oneza Direkta. "Kuna jina moja halikusomwa. Wa nne. Kosa ni langu."

"Ngoja," akasema bila kugeuka.

"Direkta, mama yake ameondoka sasa hivi. Likisomwa sasa, watu watamfikishia hata kabla hajafika barabarani."

"Monsieur Hamisi, mugeni iko hapa. Nikianza kusahihisha palmares mbele ya bazazi, kila muzazi atasema hata wa kwake alisahauliwa. Tutarekebisha kwenye karatasi. Rudi kwa buletini yako."

Nikarudi.

Nataka mlisikie neno hilo vizuri. Nikarudi. Nilikuwa na mdomo. Sauti yangu ilizoea kufikia benchi la mwisho la watoto sabini. Ningeweza kusimama palepale na kulitamka lile jina, na Direkta angeniandikia barua ya onyo, na barua ya onyo ni nini? Kuhusu kifungu, nilisahau, na kusahau ni kwa binadamu. Lakini pale uwanjani sikusahau kitu. Niliogopa mtu mwenye kalamu tatu.

Niligawa buletini sitini na moja, nikasalimia wazazi, nikapongezwa. Nilipoachwa huru mvua ilikuwa imeshashuka. Niliteremka hadi ufukoni, nyumba ya Maman Donata imefungwa kwa kamba. Jirani akasema wamepita kuchukua nguo, wakapanda pikipiki kuelekea mpakani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya nchi nzima, na hadi saa tano barabara hazina hata pikipiki, kila mtu yuko na jembe. Nilichimba mtaro na majirani zangu, kifungu cha Donata kikiwa ndani ya shati, uzi wake unanikwaruza kifuani. Tulipoachiwa nilikwenda Cyangugu, nikavuka daraja. Nilimtafuta Maman Donata huko Kadutu sokoni, nikauliza wauza avokado wote. Bukavu ina akina mama wenye makapu wengi kuliko majina. Jumapili nikarudia.

Jumanne Maman Donata alirejea peke yake, nikamkuta anafagia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kiti. Nikamnyooshea kifungu. Nikamfungulia ramani.

Aliweka kidole kwenye ile nyumba ndogo ya ufukoni. "Hii ni kwetu," akasema.

"Ndiyo, Maman. Themanini na moja. Wa nne. Mrudishe, nakuomba, nitamfundisha mwenyewe."

"Dada alimupeleka Uvira juzi, kwa bwana yake. Na simu yao haiiti." Akaendelea kufagia kidogo, kisha akasimama. "Mwalimu, unajua alisimama namna gani? Baliita wa tatu, akavuta pumuzi. Baliita wa ine, mwingine akatoka. Yeye bado anasimama wima. Mi nilimuona. Alisimama wima mpaka mwisho, akingoja. Njiani aliniambia, 'Mama, kumbe nilikuwa najidanganya.'"

Nikaifunga ramani.

"Mbele ya bantu hamukumuita," akasema. "Sasa unakuja kuniambia huku nyumbani, mi na kuku."

Nilijaribu kumwachia kile kifungu. Akakataa. "Kaa nayo. Ni wewe mwenye uliipoteza."

Karatasi ilirekebishwa, kama Direkta alivyosema. Kwenye makabati ya shule ile Donata ni wa nne hadi leo. Nilikwenda Uvira wakati wa likizo, nikaipata nyumba ya mama yake mkubwa, nikaambiwa binti aliondoka na watu wengine kwenda kufanya kazi za ndani kusini zaidi, hawajui wapi. Nilikwenda tena mwaka uliofuata. Baada ya hapo sikwenda. Mama yake naye hakupata habari. Ni miaka kumi na miwili sasa. Akiwa hai ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, na kila anapoosha watoto wa watu anaamini kwamba aliwahi kujaribu shule na akashindwa. Sijui kama yu hai.

Watu huniambia, Mzee, umefundisha wengi, tazama yule muuguzi, tazama yule wa ofisi ya wilaya, wote ni wako. Nawaona. Wananiamkia vizuri barabarani, nami nawajibu. Lakini mwalimu hahesabu waliokuja tu. Yule Direkta wa Rwimbogo alinifundisha hesabu mbili kwa siku, nami nilipouhitaji ule ushauri wake nilikuwa golini nikifungwa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wa kwangu ameshakua, anaishi nyumbani kwangu, na hataki kuoa.

Mwaka jana nilistaafu. Shule ya Nkanka sasa ina Direktrisi, binti mchangamfu, aliyenialika siku ya kufunga mwaka wapate kuniaga. Nilimpelekea Maman Donata habari kwamba siku hiyo kuna jambo ningependa alisikie. Alijibu kwamba Ijumaa ni siku ya soko.

Walinipa mwavuli na redio. Direktrisi alisoma palmaresi, waliopita tu, wanavyofanya hadi leo, na watoto wakatoka mmoja mmoja wakampa mkono. Kisha akanipa nafasi ya kuaga. Walitegemea wosia. Nilitoa kifungu mfukoni, uzi wake umeshageuka rangi, na kwa sauti ile ya benchi la mwisho nikasoma:

"Darasa la tano. Wa nne. Donata. Asilimia themanini na moja."

Watoto walipiga makofi, maana wamefundishwa kupiga makofi kila jina linaposomwa. Wakageuza shingo, mstari kwa mstari, kutafuta nani anatoka. Direktrisi naye, kwa mazoea, alikuwa ameshasogea mbele na kunyoosha mkono. Akabaki ameunyoosha, akinitazama mimi, kisha uwanja, hadi makofi yakaisha.